Mguu Sawa

Alhamisi jioni, 1948. Mvua ilinyesha alfajiri ikakatika, ikatuachia matope na joto la kukera. Moyo wangu ni mzito, na kiuno ni kizito zaidi.

Leo shule nzima imechechemea mbele ya mkaguzi.

Niandike polepole, maana nikikumbuka nashikwa na kicheko, na kicheko nacho kinaniuma mbavu. Ugonjwa huu hauna adabu, hauniachii hata kucheka.

Baridi yabisi, ndivyo alivyouita daktari kule kisiwani nilipokwenda kwake nikiwa bado kijana, nacheza mpira, winga wa kushoto. Alinipa dawa ya kuchua na neno moja: pumzika. Nikapumzika. Nililala mwezi mzima kwa utiifu, na mwezi ulipokwisha nikawa siwezi kuinama kufunga kamba za viatu. Mpira ukaishia hapo.

Nililojifunza mwenyewe, bila daktari, ni kwamba maumivu yangu yamegeuka kichwa chini. Wengine wakikaa hupata nafuu, mimi nikikaa nakauka. Kila asubuhi naamka kama gogo. Mama Kadzo, mke wangu, hunikanda kwa kitambaa cha maji moto mpaka niweze kusimama, kisha najikokota hadi shuleni kwetu hapa Utange, napuliza filimbi, nasimama mbele ya watoto na kuanza drili. Mikono juu, mikono chini, goti juu. Mwanzoni nakaza meno. Baadaye jasho linatoka. Tukimaliza, mgongo umefunguka, na nafundisha hesabu hadi mchana kama mtu mwenye afya yake.

Drili ndiyo dawa yangu, na sikuwahi kumwambia mtu. Walimu wenzangu walinisifu kwa bidii, kwamba mimi siamrishi tu, nafanya pamoja na watoto. Niliacha wanisifu. Nilidhani maumivu nimeyaficha vizuri.

Leo akaja mkaguzi, Mzungu mrefu mwenye sauti ya taratibu. Tulipojipanga uwanjani akaniomba nisimame kando yake, niwaamuru watoto kwa mdomo tu. Basi nikasimama kando. Miaka yote hii sikupata hata siku moja kusimama nikawatazama.

"Mguu sawa!" nikaita.

Wakasimama, darasa la kwanza hadi la nne, bega la kulia limeshuka, mguu wa kushoto umetupwa nje kidogo. Nilikuwa najitazama mimi. Nikaita goti juu. Goti la kulia likapanda vizuri. La kushoto likapanda nusu, likazungushwa kwa nje, likashushwa kwa uangalifu kama linawekwa juu ya yai. Wote kwa pamoja, bila kosa. Hata nyuso wamezikunja. Hata ile pumzi ninayoivuta kwa meno, ssss, nayo waliivuta.

Mkaguzi akamwuliza msichana wa mbele mbona mguu ule anauzungusha.

"Ndivyo ilivyo drili, Bwana," akajibu, akishangaa kuulizwa jambo la wazi kama hilo.

Nilitamani ardhi inimeze.

Mkaguzi hakucheka. Afadhali angecheka. Aliutazama mguu wangu, kisha kiuno, kisha uso, halafu akanong'ona na Mwalimu Mkuu. Na Mwalimu Mkuu akanijia na huruma yote ya ulimwengu huu.

"Mwalimu Yona, pole sana, ndugu yangu. Kumbe waumwa hivi nawe wanyamaza? Kuanzia sasa drili ataishika Mwalimu Samweli. Wewe pumzika. Tutakuwekea kiti pale barazani."

Kiti!

Samweli ni kijana aliyerudi kutoka vitani, kaptura imepigwa pasi, kifua mbele. Hata kumchukia siwezi, maana ana adabu zake. Alishika nafasi yangu pale pale, akawaonyesha watoto mara moja, nao wakanyoosha miguu sawasawa. Mara moja tu. Miguu yao ilikuwa mizima siku zote. Hilo limenichoma kuliko kiti.

Mkaguzi alipoondoka nikamweleza Mwalimu Mkuu ukweli wote: kupumzika ndiko kunakoniua, bila drili nitapinda, na nikipinda sitaweza kusimama ubaoni. Mwalimu asiyeweza kusimama ubaoni hana kazi. Nikamwomba basi aniache nisimame mstari wa nyuma, nifuate amri za Samweli pamoja na watoto.

Alicheka akidhani natania. Alipoona sitanii akasikitika zaidi.

"Mwalimu kusimama mstari mmoja na watoto, akiamrishwa na kijana wa juzi? Na heshima yako itakwenda wapi?"

Nikashika njia ya nyumbani.

Nilipomsimulia mama Kadzo, yeye akafurahi. "Baba Kadzo, nawe si ushukuru? Watu wamekuonea huruma. Mwingine angefukuzwa." Akaniwekea mto kitini, akaniletea chai, akaenda zake jikoni akiimba. Nimemkasirikia, kisha nikajikasirikia mwenyewe, maana ni mikono yake inayonikanda kila alfajiri, na anastahili kulala kidogo.

Wewe shajara utaniuliza, kwa nini nisifanye mazoezi hapa uani peke yangu? Nimejaribu, wakati wa likizo. Nikiwa peke yangu, nikifika pale panapouma, naacha. Mbele ya watoto mtu haachi.

Tangu niliporudi nimekaa kwenye kiti hiki, nimetii. Giza linaingia. Sasa hivi nimejaribu kuinuka nikawashe taa, kiuno kimekataa. Heshima yangu yote ninayo hapa kitini, na haiwezi kuniinua.

Nimeamua. Kesho Samweli atakapopuliza filimbi nitakuwa mstari wa nyuma kabisa, nyuma ya darasa la kwanza. Watoto wacheke, Mwalimu Mkuu asikitike. Mguu wangu hautakuwa sawa, lakini hautakuwa barazani.

Nimemwita mama Kadzo aje aniinue. Hajasikia, anatwanga. Naona haya kuita kwa sauti, majirani wasije wakanisikia.

Na mimi ndiye wa kusimama kesho nyuma ya watoto?