Mawe Matatu Niliyoyapiga Teke

Mshauri wangu mpendwa,

Kabla sijaomba msaada wako naomba utulivu, maana nina tangazo zito kwa umma: tao namba kumi na saba limepatikana, lina upana wa mita sita na sentimita arobaini, na aliyelipata ni mimi, mwanamume wa miaka hamsini na mbili mwenye kitambi, goti bovu na duka la miwani. Wananchi waendelee na shughuli zao kama kawaida.

Sasa msaada wenyewe. Kila mwezi mimi na wenzangu watatu huenda jangwani kutembea kwa miguu ndani ya makorongo tukitafuta matao, yaani miamba iliyotobolewa na upepo na mchanga hadi ikabaki kama mlango usio na nyumba, na ukiniuliza faida yake sina, mke wangu anatuita Kamati ya Mawe na hajakosea, ila tao likipatikana tunalipima, tunaliandika daftarini, na linachukua jina la aliyesimama chini yake wa kwanza. Korongo linapogawanyika, anayetangulia hupanga mawe matatu kwenye upande tunaoingia, na wa mwisho huyapiga teke yasambae, ili kundi jingine linaloshindana nasi lisitufuate likatuwahi; kurudi hatuhitaji alama, tunafuata mteremko hadi kwenye gari.

Siku ya tao hilo la kumi na saba tulikuwa na dereva wa lori anayetuongoza, mfamasia, mimi, na shemeji yangu, mwalimu wa hesabu, mume wa dada yangu. Shemeji aliketi kukung'uta mchanga kwenye kiatu, nikamwambia, "Fanya haraka bwana, jua hili halina undugu na mtu," akanijibu, "Tangulia tu shemeji, kwa mwendo wako huo nitakukuta hujafika popote," nikaenda, na njia panda mimi nikiwa wa mwisho nikayapiga teke mawe kama ilivyo desturi, tukaingia mkono wa kushoto, tukaliona tao, tukapiga picha, tukapima, tukadhani shemeji amerudi garini, na jioni tulipofika garini hayupo. Tulimpata kesho yake mchana kwenye korongo la kulia, alikuwa amepanda jabali, nadhani ili atazame tulipo, akaanguka akavunjika mguu. Daktari alisema mguu haukumuua, jua na kiu ndivyo vilivyomuua.

Dada yangu ni mshonaji, na nilimwambia kwamba mumewe aliacha njia mwenyewe. Ameyakatakata mashati yote ya marehemu kuwa vitambaa vya kufutia mashine. Juzi binti yao alitaja "baba", mama yake akamkatiza: "Baba yako hakuwahi kusikia la mtu, alijitakia." Mtoto ana miaka kumi na minne, hajamtaja tena. Na Jumamosi ijayo wenzangu wanataka tukutane kwa dereva watundike picha ya tao hilo lenye jina langu. Mshauri, nimwambie dada kwamba nilisahau tu kuwa mumewe yuko nyuma, au nimwache apumzike?

Fundi Miwani

*

Fundi Miwani,

Pole kwa msiba. Nimeanza na pole kwa sababu mbele ya hapo sina maneno laini.

Umenichekesha mwanzoni, na nilipofika katikati nikaona haya kwa kucheka. Nahisi ndivyo unavyofanya dukani na hata msibani: unatanguliza mzaha ili watu wasikuulize swali.

Mimi nauliza. Unasema ulikuwa wa mwisho, lakini mstari mmoja tu kabla ya hapo umemwacha mtu nyuma yako na kiatu mkononi, umesema naye na amekujibu. Halafu unasema "tukadhani" amerudi garini. Wa kwanza kudhani alikuwa nani? Sikuwepo korongoni na sitakuhukumu kwa nisiyoyaona, ila hilo neno "nilisahau" usimpelekee dada yako mpaka uwe na hakika nalo.

Na eti umwache apumzike! Anapumzika wapi, bwana? Anamchukia marehemu kwa kosa la mtu mwingine, na mtoto anafundishwa kumwonea aibu baba yake. Anayepumzika hapo ni wewe peke yako, na kwa barua hii naona hata wewe hupumziki.

Mwambie dereva jina lako lifutwe na mkutano wa Jumamosi usiwepo, na umpe sababu, la sivyo mtaendelea kupiga mawe teke hadi mzike mwingine. Kisha nenda kwa dada yako mchana, bila zawadi, bila mke wako wa kukushika mkono. Eleza ilivyokuwa, jambo baada ya jambo. Usilie kabla yake. Usiombe msamaha siku hiyo; mfiwa ana mzigo wa kumtosha. Akikufukuza, ondoka. Akitaka ukayaseme polisi, nenda ukayaseme. Akiuliza swali, jibu hilo alilouliza, usimzungushe. Binti ataambiwa na mama yake.

Nenda wiki hii.

*

Wiki tatu baadaye barua hii ilitufikia. Dada yake ameisoma na ameruhusu ichapwe.

Mshauri,

Nilikwenda Jumanne. Nilimkuta anashona sare za shule, akaendelea kushona. Nilichomweleza ni hiki, na ndivyo ilivyokuwa.

Sikusahau. Asubuhi ile garini mumewe alinitania mbele ya wenzetu: "Shemeji anatengeneza macho ya watu, ya kwake anayaacha dukani." Walicheka, nami nilicheka kuwashinda. Yeye alikuwa na miaka miwili kwenye kundi na matao matano. Mimi miaka tisa, sina hata moja. Njia panda nilijua yuko nyuma. Nilitaka achelewe robo saa tu, nami siku moja niwahi. Nikapiga teke mawe, nikawapita dereva na mfamasia karibu kwa kukimbia, nikasimama chini ya tao. Walipouliza yuko wapi, ni mimi niliyesema kachoka, kaamua kurudi garini. Ndiyo maana hakuna aliyemtafuta mpaka jioni.

Dada aliacha kushona.

"Alikuita?" akauliza.

"Ndiyo."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili. Alisema, 'Shemeji, mmeshika upande gani?' Nilimsikia vizuri. Sikumjibu."