Hema Jepesi la Shemeji Yako

Shoga, shemeji yako kanitia aibu huku mlimani, we acha tu!

Si unajua wiki nzima alikuwa akipunguza uzito wa begi lake? Daktari wa meno mzima, kakata mpini wa mswaki! Halafu njia nzima anamtania dada yake kwa begi lake kubwa: "Dada, unahama?"

Tumefika kambini, wingu limetanda. Katandaza hema letu. Kainua huku, likaanguka. Kainua kule, likaanguka. Nikamuuliza, "Baba watoto, nguzo za hema ziko wapi?"



"Vile vyuma? Nilidhani ni vya akiba. Nimeviacha nyumbani."

Vya akiba, shoga! Nguzo zenyewe, VYA AKIBA!

Mvua ikamwagika. Dada yake akatufungulia hema lake, akatupatia taulo na soksi kavu. Bwana mkubwa katulia kama maji mtungini.

Sasa hivi kamnong'oneza, "Dada, kesho begi lako nitabeba mimi."

"Utabeba," kamjibu, anamfunika blanketi. "Kwanza sogeza hiyo miguu, imelowa."

Mimi shemeji yako kaniapisha nisimwambie mtu. Kwani wewe ni mtu?