Laptop ya Dada Atupele

Jumatatu, 6 Machi 2006
Asubuhi kama kawaida, nachoma CD za kwaya kwenye laptop ya dada Atupele. Mwenyewe yuko Bujonde kwa mama, likizo ya chuo. Hajui biashara yangu inakaa humo. Saa nne ikazima. Ikawaka. Ikazima tena. Virusi, kutoka flashi ya mteja mmoja wa Kasumulu. Mimi bado nacheka.

Jumanne, 7 Machi
Kuna kitufe cha kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani. Nimebonyeza. Inasema haioni kitu.
Nikakumbuka. Mwezi jana nilikuta disk D imejaa mafaili nisiyoyajua. Nikafuta yote, nikaweka video za kwaya. Niliona kama chumba kimekaliwa na mpangaji asiyelipa, nikamtoa. Kumbe ndiye mwenye dawa: mafaili yale ndiyo ya kuirudisha.
Dada anarudi chuo Mbeya Jumapili. Utafiti wake wa mwaka mzima umo humo. Nakala hana. Naogopa. Sijala, na leo ilikuwa samaki mbasa.

Jumatano, 8 Machi
Nimeenda kwa Bi Zuhura. Anatengeneza redio na simu nyuma ya duka la vitenge la mumewe. Kabla ya yote kaniuliza, "Humu kuna kitu cha mtu?"
Kazi ya dada, nikasema.
"Basi hatugusi mpaka itoke."
Kafungua skrubu, katoa disk, kaichomeka kwenye kompyuta yake. Kurasa tisini na mbili. Zote zipo! Nilitaka kumbusu mkono. Mume alikuwepo, nikaacha.
Nilipomweleza habari ya D alicheka mpaka akashika meza. "We Lusajo! Umebomoa stoo upanue sebule!"
Sasa zinatakiwa CD za kurudishia za mashine ya aina hiihii, namba zote sawa. Hana. Ila anaijua laptop ndugu yake: ya mhasibu wa nyumba ya wageni, Matema.

Alhamisi, 9 Machi
Matema kwa baiskeli. Mvua ya huku haipigi hodi. Mhasibu ni mama wa makamo, kakunja uso. Nikamwamkia Kinyakyusa, akalainika. D yake nzima, haijaguswa na mjinga. Ikatoa CD nne. Nikashukuru: ndaga fijo, mama! Nikazifunga kwenye mfuko wa rambo, nikazitia ndani ya shati.
Njiani nimeanguka topeni. Mimi na CD zangu.

Ijumaa, 10 Machi
Ya kwanza ikasoma. Ya pili ikasoma. Ya tatu ikagoma.
Bi Zuhura kaiosha kwa maji ya sabuni, kaifuta kwa khanga kuukuu, toka katikati kwenda pembeni, taratibu, kama anafuta uso wa mtoto. Ikasoma! Nikapiga yowe, wateja wakadhani mwizi.
Ya nne nayo. Alasiri mashine kama mpya. Akairudishia kazi ya dada. Mafundi nimewaona wengi, waongo kama mimi. Huyu mama ni mwingine kabisa.

Jumapili, 12 Machi
Dada kafika asubuhi. Nikamwambia yote kabla hajauliza. Akafungua kazi yake, akapitia ukurasa mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Akaenda dukani kumshukuru Bi Zuhura, wakashikana mikono muda mrefu. Kisha akapanda basi. Mimi hakuniaga. Nimestahili.
Mchana nimemwomba Bi Zuhura anifundishe. Kanipa bisibisi na redio iliyokufa.
Nimeifungua. Kuifunga bado.