Mikaratusi ya Mahari Inakausha Kinamasi

Mshauri mpendwa, nimefika njia panda na naomba unisaidie kabla mambo hayajaharibika. Mimi ni katibu wa kamati ya kutunza kinamasi chetu hapa karibu na Karurumo, na mwaka 2021 tulipoandika mpango wa kukitunza ni mimi niliyesisitiza kwamba kwa vile mvua siku hizi haitabiriki tusiandike sheria za kudumu, bali kila masika yakiisha tukague maji na kubadilisha mpango kulingana na tulichoona, na wote wakanipigia makofi. Wakati huo maji yalikuwa mengi hadi yanafunika njia, kwa hivyo tukaruhusu miti ya kila aina kandokando, nami tarehe 9 Aprili 2022 nikapanda mikaratusi katika shamba langu la chini, nia yangu ikiwa niiuze nipate mahari ya Cicily, mchumba wangu. Sasa chemchemi imepungua, nduma za majirani zinanyauka, na tulipokagua mwezi Juni kila mtu aliona kwamba penye miti yangu ndipo pamekauka zaidi. Mwenyekiti wetu ni Mzee Gitari, babake Cicily, na anajua vizuri miti ile ni ya nini.

"Katibu," akasema, "tusomee kile kifungu chako."

Nikasoma.

"Basi mikaratusi yote ya kando ya maji iondoke kabla ya mvua ya Oktoba."

"Lakini Mzee, ile miti ndiyo bibi yangu!"

Watu wakacheka, na mama mmoja akapaza sauti, "Mugendi, basi huyo bibi anakunywa maji kuliko ng'ombe!"

Nikikata sasa nitapata fito tu badala ya nguzo, na sina mali nyingine. Nikikataa, nitakuwa nimegombana na mkwe kabla hajawa mkwe. Nifanye nini?

Mugendi, Karurumo

Mugendi, nimecheka, nikakuhurumia, kisha nikakukasirikia. Uliandika sheria nzuri ukidhani itawabana wengine! Ukikataa leo, nani ataondoa miti yake mwaka ujao? Kata. Na usijifanye hujui kwamba mkaratusi huchipuka tena kwenye kisiki. Ng'oa na visiki. Hapo panda nduma, na mikaratusi ukiitaka ipeleke juu mlimani, mbali na maji.

La pili: umenipa tarehe ya kupanda miti, lakini Cicily anasema nini? Hujaniandikia hata neno lake moja. Huyo ndiye unayetaka kuoa, si babake wala kamati. Kamwulize leo.

La tatu: nenda kwa Mzee Gitari ukiwa na baba yako na wazee wenu, na uende baada ya kukata, si kabla. Uza zile fito, ununue mbuzi wa kubisha hodi, wale wa kufungua mazungumzo ya mahari, uwapeleke. Mengine yatafuata pole pole, kwani sijui nyumba iliyomaliza mahari kwa siku moja, hata yangu. Aliyekuamuru kuangusha miti hatakuwa na uso wa kukudai nguzo mbele ya wazee.

Kwa hivyo Jumamosi azima ule msumeno mrefu wa watu wawili, na umwombe Cicily ashike upande wa pili. Akija kuvuta nawe huku babake akitazama kutoka ng'ambo ya kinamasi, nusu ya mazungumzo ya mahari itakuwa imekwisha.