Breki za Shangazi

4 Februari

Mwanangu fundi,

Salamu nyingi kutoka huku milimani. Hatujambo, ila goti langu ndilo lenye mambo. Kasuku wako mzima kabisa. Tangu umlete kwangu asome, nyumba haijapata kimya. Binti yako anaongea hata akiwa na tonge mdomoni. Nakuandikia kwa kuwa simu huku hushika mtandao ikipenda yenyewe, na dereva wa basi hakatai kubeba bahasha.

Sasa nisikilize. Ulinitengenezea breki au ulinifungia nanga? Tangu nilichukue gari gerejini kwako, linabana. Nikiachia breki lenyewe haliachii, inabidi nikanyage mafuta kama napanda ukuta. Jana nilipofika shuleni niligusa ringi ya mbele nikaungua kidole. Kasuku akasema, "Bibi, gari linanuka kama pasi iliyosahauliwa kwenye nguo." Na mteremko wetu unaujua: mwamba upande huu, korongo upande ule, soko chini. Pale sitaki gari lenye kiburi. Sikuridhika na kazi yako, na hilo nalisema kama mteja, ushangazi weka pembeni. Niambie nifanye nini.

Shangazi yako

11 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Pole na goti. Mwambie Kasuku baba yake anamkumbuka, na aache kuongea na chakula mdomoni.

Barua yako imenichekesha mpaka spana ikaniponyoka. Breki mpya ni kama viatu vipya, shangazi, siku za mwanzo lazima zibane. Halafu wewe unaendesha huku mguu umelala juu ya breki, marehemu baba alikuwa akikusema hivyo hivyo. Zitalegea zenyewe.

Ila moja nakuomba: usimpelekee Koleo. Kazi alifundishwa na baba humu humu ndani, kisha akahamia huko kwenu akitangaza kuwa nimerithi jina la gereji, mkono sikurithi. Akifungua gurudumu lako moja tu, kila mtu atajua kuwa shangazi mtu kanikimbia. Nikipata nafasi nitapanda nilitazame mwenyewe.

Mwanao

2 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti bado, Kasuku mzima.

Ulisema utapanda. Tumekungoja, chai ikapoa, tukainywa sisi. Viatu gani hivi vya kubana mpaka vinatoa moshi? Unanilaumu mguu wangu. Ama kweli nyani haoni kundule. Juzi Koleo aliniona nimesimama kando ya njia, akaja mbio. "Mama, hiyo breki ni mgonjwa. Niachie nifungue, sitaki chochote." Nikamjibu gari lina mwenyewe. Ni wewe niliyekuwa nakulinda, na jina la kaka yangu. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, nikajiambia, nikaondoka.

Lakini mwanangu, niliogopa. Niliushuka mteremko kwa gia ya kwanza, na Kasuku alinyamaza njia nzima. Unajua mwenyewe ikifika mahali yule mtoto akanyamaza. Yeye ndiye ninayembeba kila asubuhi. Mficha uchi hazai: kama kuna kitu kimekushinda, sema.

Shangazi yako

9 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Huku wazima.

Naona siku hizi Koleo amekuwa daktari, anapima wagonjwa barabarani. Basi kila mtu ni fundi isipokuwa mimi. Hakuna kilichonishinda. Breki zile nilizifunga kwa mikono yangu, na mafuta nikajaza mwenyewe, kazi niliyoanza kabla sijaota ndevu.

Lakini yaishe. Shule zikifungwa shuka na gari, uje na Kasuku. Nitalifungua mbele yako, na nikikuta kosa uniite mjinga hadharani. Kabla ya hapo asiliguse mtu. Nimeumia, sikufichi.

Mwanao

3 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Salamu, na leo nimezileta na samahani. Ulisema kweli! Gari limeachia. Tangu juzi ni jepesi, halibani, halinuki. Nilikusema bure, usiweke moyoni.

Kilichobaki ni kidogo: pedali ya breki inazama sana. Naipigapiga mara mbili tatu ndipo gari lisimame, nimeshaizoea. Na asubuhi palikuwa na umajimaji nyuma ya tairi, nadhani ni umande. Utaliangalia ukiliona.

Jumamosi tunashuka kwako mapema. Kasuku ameshafunga mkoba, na anasema usile peke yako, umngoje.

Shangazi yako

Ijumaa, 7 Aprili

Shangazi, usiwashe gari. Salamu nimeziruka, nisamehe.

Barua yako nimeipata leo, na leo leo mwalimu mmoja niliyemtengenezea breki mwezi ule ule wa gari lako amevutwa mpaka hapa na gari lake. Lilibana kama lako, likalegea kama lako, kisha likakosa breki kabisa. Nimelifungua. Raba zote za breki zimevimba kama maharage yaliyolowekwa, na moja imepasuka. Raba hazivimbi hivyo ila zikinyweshwa mafuta ya usukani.

Baba alitufundisha kumimina mafuta kwenye chupa tupu za maji na kuzijua kwa mahali: ya breki karibu na mlango, ya usukani karibu na dirisha. Mwezi ule ulipoleta gari niliziba mlango wa zamani nikafungua mpya pale penye dirisha. Chupa sikuzihamisha. Mkono ukaenda karibu na mlango kama ulivyozoea, ukashika ya usukani.

Mwite Koleo. Mwambie mimi ndiye niliyesema afungue. Simu yako inaita tu. Kasuku asipande, tafadhali, hata kama gari limesimama.

Mwanao

Jumamosi, 8 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Dereva wa basi amenirudishia barua yangu haijafunguliwa. Alikuta mlango umefungwa na gari halipo uani. Nikamuuliza kama aliwapita njiani. Akasema basi lilizungushwa njia ya nyuma, mteremkoni pamefungwa, naye hakuuliza kwa nini. Huyu dereva huuliza kila kitu, hata bei ya shati ulilovaa.

Nimefagia gereji. Kiti chako nimekiweka kivulini, na chakula sijagusa. Najiambia mmepumzika kwa mtu kwa ajili ya goti, na Kasuku amewashika kwa maneno hamwezi kuondoka. Ukifika nifokee mbele ya wateja wote. Niite mjinga, niite muuaji, mradi iwe ni wewe unayeniita.

Kuna mtu anakuja kutoka stendi. Ni Koleo. Hajakanyaga hapa tangu tumzike baba. Amesimama ng'ambo ya barabara, kofia ameivua, ameishika kwa mikono miwili. Ananiita, najifanya sisikii. Nikiweka kalamu chini itabidi nimsikilize.