Kidole cha Tatu

Mantapala, Siku ya Ine

Mupenzi Yaya Léonie,

Ni mimi mudogo wako Hervé. Nakusalimia sana, wewe na shemeji na watoto wote wa pale Katuba. Je, maumivu ya mugongo yalipunguka? Sisi huku tuko wazima. Mihogo ilikomaa vizuri, na Mama anaenda kanisani bila kushika fimbo. Barua hii nimemupa mama Vicky, mwenye kuuzisha samaki, aifikishe mukononi mwako. Nilijaribu kukupigia simu mara mbili, nikakata kabla haijalia. Kaa chini kwanza, yaya.

Unajua kama ni mimi ninafundisha fanfari ya kanisa hapa mu kambi ya wakimbizi. Tuko na trompeti ine, tromboni mbili, na tuba moja yenye kuvuja. Juzi juzi tulialikwa Nchelenge kucheza pamoja na kwaya yenye kuimba na piano. Unakumbuka vile Papa alikuwa anatusumbua na ile mambo: trompeti ni ya si bemol, piano ikicheza do, sisi tunapashwa kucheza re, kila nota inapanda toni moja. Nilikaa siku tatu naandika upya karatasi za wimbo, kutoka fa kwenda sol, ili mutu asipotee.

Siku ya mazoezi, binti mumoja alifika kutoka Kafutuma, jina lake Chouchou, wa miaka kumi na saba hivi, na trompeti yenye kufungwa na mupira. Nilimupa karatasi yangu. Akaniambia kwa heshima kama haina lazima, yeye anasoma ile ya piano na kupandisha mu kichwa. Nikacheka kidogo. Lakini alianza kucheza, na hakukosa hata nota moja.

Kisha nikaona vidole vyake. Kila mara alipofika kwa mi ao kwa la, pahali pa kufinya pistoni, vile vifungo vya juu ya trompeti, ya kwanza na ya pili kama sisi wote, alifinya ya tatu peke yake. Nota inatoka, ndiyo, lakini inashuka kidogo, na inabidi kuirudisha juu na midomo. Hakuna mwalimu anafundisha vile. Mimi nilijua mutu mumoja tu, na ule mutu tulimulilia miaka munane.

Nilimuuliza nani alimufundisha.

“Ni Papa,” akajibu. “Kidole yake ya kwanza haikunjamane muzuri. Moteri ya bwato iliivunja zamani.”

Nikauliza jina.

“Papa Ambroise. Haiko ule wa kunizala. Aliniokota Kilwa, ngambo ya ziwa, kisha vita kuisha. Batoto yake benyewe bote balizama mu ziwa.”

Yaya, ni jina la Papa yetu. Niliketi palepale mu mavumbi, mbele ya fanfari yote, na wakafikiri nina malaria.

Kesho yake nilipanda kinga, nikakanyaga pedali mpaka Kafutuma. Papa alikuwa nyuma ya nyumba anaanika dagaa. Amekonda, kichwa cheupe. Alinitazama, akauliza kwa sauti ndogo kama ni mimi ao ni mutu mwingine. Nikasema ni mimi. Akataja jina la Mama, nikasema yuko muzima. Akataja lako, nikasema uko muzima, una watoto watatu. Hakulia. Alishika ukuta tu, akaushika muda murefu. Kumbe alipofika Pweto, watu walimuambia bwato letu lilizama na kila mutu. Alikaa Kilwa miaka yote, na alivuka na wachuuzi wa samaki mwanzo wa mwaka huu tu. Kisha akaniuliza nani alituambia yeye alikufa.

Sasa, yaya, soma polepole.

Ile siku ya kukimbia, sikumuona Papa anaanguka. Sikuona mwili, sikuona damu. Papa alirudia nyumbani kuchukua karatasi zetu za kitambulisho, bunduki zikalia nyuma ya soko, na Mama akakataa kuingia mu bwato bila yeye. Watu walikuwa wanasukuma. Nikamuambia: “Mama, alikufa. Nilimuona na macho yangu.” Nilitaka tu aingie. Akaingia. Nilifikiri Papa atatufuata kesho, nitaomba musamaha, tutacheka. Hakufika. Mukavaa nyeusi, wewe ukamupa mutoto wako jina lake, na mimi kila siku niliona nimechelewa zaidi kusema. Mwisho nilianza kuamini mwenyewe.

Nilimuambia Papa yote. Akasema hataingia mu nyumba ya Mama kabla mimi mwenyewe sijamuambia Mama ukweli. Siku ya Mungu, kisha misa kuisha, nikamuambia. Mama alifungua kitambaa cha kichwa, akakifunga tena, akasema: “Enda, kamulete.”

Leo ni siku ine Papa yuko hapa, na Chouchou pamoja naye. Mama anacheka nao. Kwangu hajatoa neno. Anaweka chakula changu, anatoka inje.

Papa anaomba namba yako kila asubui. Sijamupa, na Mama anamuambia angojee barua yangu kwanza. Nilitaka usikie kwanza kutoka kwangu nani alimuzika na uongo. Ukimaliza kusoma, piga ku simu ya Mama. Ni Papa ataipokea.

Nisalimie shemeji na watoto. Kama hutaki kusema na mimi, sitakulaumu.

Mudogo wako,
Hervé