Gambuti za Peceli

Suva, Julai 2021

Kwako mtani wangu Inosi,

Salamu nyingi kutoka huku tulikofungiwa. Natumaini wewe, mkeo na watoto hamjambo, na kwamba kifua cha mjomba, baba yako, kimepoa. Sisi tu wazima. Mama yuko hapa nami tangu mipaka ifungwe. Anakula, anasali na redio, na ananilaumu kwamba magimbi ya Suva hayana ladha, kana kwamba mimi ndiye niliyeyapanda. Aliposikia nakuandikia akasema nikusalimu na nikukumbushe kunyoa.

Utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Ningekupigia, Inosi, lakini wewe simu huiweka spika na nyumba nzima ikachangia. Hii isome peke yako. Anakuletea dereva wa gari la dawa, mwenye kibali cha kuvuka kizuizi. Mpe mihogo, atafurahi.

Kazi yangu unaijua, ile unayoiita kulipwa kwa umbea. Safari hii ni utafiti wa haraka. Wakubwa wanataka kujua kwa nini wagonjwa wa kisukari wameacha kuja kliniki ya miguu tangu korona iingie, na wanataka jibu kabla mwezi haujaisha. Zamani tungekwenda kijijini, tukatoa yaqona yetu, kinywaji cha kuombea ruhusa, tukakaa mkekani mpaka watu wazizoee sura zetu ndipo tuulize. Sasa napiga simu nikiwa jikoni, nauliza, nasikiliza, na jioni hiyohiyo naandika muhtasari ili kesho yake tuulinganishe na wenzangu. Tunapewa nambari za simu tu, hatupewi majina. Nimechoka, mtani. Mikono haifanyi kitu, lakini maneno ya watu nayalalia na kuamka nayo.

Bibi mmoja wa Tailevu aliniambia, "Mwanangu, nikienda na kidole watanirudisha sina mguu, na hiyo korona yao wanipe bure juu yake." Mzee mwingine akaapa kwamba haumwi popote, yeye ni chuma. Nyuma yake nikamsikia mkewe: "Mwongo huyo! Mwambie habari ya kisigino!" Mzee akamwambia anyamaze, serikali inasikiliza. Tukacheka wote watatu.

Niliicheka pia ile picha uliyotutumia, ya kaka yangu Peceli amevaa sulu, shuka yake ya kiunoni, na gambuti ndani ya nyumba, nawe ukaandika chini yake kwamba anasubiri mafuriko sebuleni. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Nakuomba usiitume kwa mtu mwingine.

Jumanne nilipiga nambari moja ya upande wa Rakiraki. Simu ilikuwa inakwaruza. Nikajitaja kama ninavyojitaja kwa wote, kwa jina la mume wangu, Bi. Delana, nikasoma ahadi yetu: jina lako halitaandikwa popote, na unaweza kukata simu wakati wowote. Yule mtu akaniomba nirudie jina, nikarudia. Kisha akasema kwa sauti iliyokauka, "Haya, uliza."

Akajibu yote. Alisema vidole viwili vya mguu vimekuwa vyeusi. Anaviosha kwa maji ya chumvi na kuvifunga majani, na mgeni akibisha hodi hukimbilia kufungua madirisha kwa sababu ya harufu. Mkewe amekwama Lautoka na hajui kitu, kila akipiga simu huambiwa kidonda kimepona. Nikamuuliza kwa nini haendi hospitali. Akasema korona haimtishi. "Baba walimkata kidole, halafu wakamkata mguu, halafu tukamzika. Siku hiyo ya kumzika ndiyo nilikanyaga bati pale kwenye shimo la lovo, tukifukua chakula cha wageni. Ndiyo hiki kidonda."

Inosi, hapo nikamjua. Bati lile nililiona. Damu ile niliifuta mimi mkekani bila kusema neno, kwa sababu ilikuwa damu ya kaka yangu.

Tangu nivunje ungo sijazungumza na Peceli ana kwa ana, wala yeye nami, kama mila inavyotaka. Habari zake hunifikia kupitia kwa mama, na zangu humfikia kupitia kwa mkewe Mereoni. Hata nambari yake sikuwa nayo. Na sasa nilikuwa nimemuuliza habari za mwili wake, naye amenijibu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilidhani hajanijua, na kukata simu kungemwaibisha, basi nikaendelea kusoma maswali kwa sauti ya ofisini huku machozi yakinitoka.

Swali la mwisho huuliza ni nini kingemfanya mtu arudi kliniki. Akasema mwenyewe hawezi kuianza safari hiyo. "Dada ninaye, lakini dada haambiwi haya. Yuko mtani mmoja tu, mjinga mmoja wa Tavua, anaweza kunibeba mgongoni nikimtukana njia nzima naye anacheka. Huyo akisimama pale wakinikata, nitavumilia." Nikamshukuru kwa muda wake, kama tunavyofundishwa. Akasema, "Bi. Delana, ile ahadi yako ya kuficha jina siitaki. Langu liandike. Na umwandikie anayehusika." Akakata.

Alikuwa amenijua tangu nilipojitaja. Ndugu yangu alipata upenyo wa kuniambia kwamba anakufa, bila kuivunja heshima iliyo kati yetu. Kwenye muhtasari sikuweka neno lake hata moja; jina lake nimeliandika humu tu, kwenye barua yako. Mama sijamwambia.

Mjinga huyo wa Tavua ni wewe, kwa hiyo siulizi kama una nafasi. Ukimaliza kusoma, nenda. Mtanie, mtukane, mwambie gambuti hizo ni zako na umekuja kuzidai. Akizivua na harufu ikatoka, usigeuze uso. Vidole viende, na mguu ukibidi uende, ila yeye mwenyewe nirudishie.

Msalimie mkeo, wabusu watoto, na mjomba umwambie asiache kunywa dawa zake. Mimi kesho narudi kwenye simu zangu, uchovu na mimi tumeshazoeana.

Peceli akikuuliza nani amekutuma, usinitaje. Mwambie tu kwamba jina lake limeandikwa.

Mtani wako,
Losalini